Samli ya Mkono wa Kulia

Niseme mapema ili tusisumbuane: nilimwonea wivu nesi. Haikuwa kwa sababu ya mume wangu, ingawa majirani zetu wa Mutuka wangependa iwe hivyo, maana ingekuwa habari tamu zaidi ya kusimuliana kisimani. Nilimwonea wivu kwa sababu ya mama mkwe wangu, na hasa kwa sababu ya mkono wake wa kulia.

Mume wangu alikuwa kitinda mimba. Kwa watu wa kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi. Nyumba ni yake, ng'ombe wa pale nyumbani ni wake, na mama akizeeka ni wake pia. Kwa hiyo ukiolewa na kitinda mimba umeolewa na mama yake, upende usipende. Mimi nilitokea upande wa Kondoa, kwa Warangi, sikujua Kimbulu hata cha kuombea chumvi. Nilipofika pale mama mkwe alinipa mkono, akanionyesha mtungi ulipo, akanionyesha kuni zilipo, kisha akaenda kukamua. Sikutegemea ngoma wala vigelegele, na nikajiambia kwamba labda ndiyo tabia yake.

Ningeendelea kujiambia hivyo kama nisingeiona harusi ya wifi yangu mwaka uliofuata. Asubuhi wakwe walipokuja kumchukua bibi harusi, mama mkwe alikwenda ndani akaleta kibuyu chake kidogo cha samli, kile kilichoning'inia juu ya kitanda chake na ambacho hakikuguswa na mtu. Akamkalisha binti yake kwenye kigoda mbele ya mlango. Akachovya vidole vya mkono wa kulia, akampaka kwenye paji la uso, shingoni, na viganjani, taratibu sana, huku akisema maneno kwa Kimbulu kwa sauti ya chini. Wifi alilia. Wanawake waliokuwa pale nao walifuta machozi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na trei ya vikombe, na nikaelewa jambo moja kwa uchungu kabisa, kwamba kumbe mkono wa yule mama unajua kupapasa mtu namna ile. Mimi ulinionyesha kuni.

Tangu siku hiyo nilikuwa nausubiri mkono ule. Nilijua kwamba hawezi kunipaka siku ya kwanza hajanifahamu, kwa hiyo nikaanza kufahamika. Niliamka kabla yake. Nililima kuliko mume wangu. Nikajifunza kusukasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi inashikana, nikachemsha samli safi isiyo na harufu ya moshi, nikamjazia yeye kibuyu chake kwanza. Alikuwa anaonja kwa ncha ya kidole, anatikisa kichwa kidogo, anakitundika tena. Nikampata mtoto wa kiume nikadhani sasa. Akambeba mtoto, akamwimbia, kibuyu kikabaki juu.

Halafu kiharusi kikampata. Ilikuwa ile miaka ya foleni, wakati duka la kaya lilikuwa na rafu tupu na muuza duka aliyechoka kueleza. Nilimkuta asubuhi karibu na zizi, ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, maziwa yamemwagika miguuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia kama wa mtu mwingine. Tulimpeleka mjini Babati kwa mkokoteni wa ng'ombe, wakampima presha, wakatuambia dawa zake zimekwisha na hawajui zitaletwa lini. Wakatuambia pia tupunguze chumvi, jambo ambalo serikali ilikuwa imekwisha kutusaidia, kwa sababu chumvi yenyewe haikuwapo. Kisha wakasema huyu ni mzee, mrudisheni mkamtunze vizuri.

Wakati huo kumtunza vizuri mtu aliyepooza kulikuwa na maana moja tu. Unamtandikia kwenye kona yenye joto, unamlisha, unamwosha, unamfunika, unanyamazisha watoto, unasubiri. Ukiona ameinua kichwa unamwambia lala mama, pumzika. Nami niliifanya kazi hiyo kwa ufundi. Sabuni ilipokosekana nilimfulia kwa maji ya majivu. Nilimtafunia nyama mwenyewe. Sikumwacha hata ashike kikombe. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali walimkuta ananukia vizuri, wakanitazama kwa macho mapya. Kanisani nikasikia nyuma yangu mtu anasema, yule Mrangi wao ana moyo, binti wa kumzaa asingefanya hivyo. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima. Nilipenda kusifiwa, na bado napenda.

Jambo jingine sikumwambia mtu. Kwa watu wale mkono wa kushoto haubariki. Baraka ni ya mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa umelala. Niliumia, kwa sababu sasa nisingepakwa kamwe. Lakini wivu una akili zake, na ule wangu uliniambia: angalau hatapakwa mwingine. Hata hivyo kibuyu niliendelea kukijaza. Mafuta ya kupikia hayakupatikana mjini wala vijijini, watu walikuwa wanabisha hodi kuulizia samli, na mimi nawaambia haipo huku inaning'inia pale juu ya kitanda cha mgonjwa.

Ndipo akaja nesi.

Alikuwa wa hospitali ya misheni, msichana mrefu mwenye viatu vya raba, mzaliwa wa huko milimani Mbulu. Kila Alhamisi gari lao lilikuja kata yetu kwa ajili ya kliniki ya watoto. Nilimpeleka mwanangu kupimwa uzito, nikajisahau nikamwambia kwamba nina mgonjwa wa kupooza nyumbani. Alimaliza kupima watoto akanifuata. Akaingia, akapiga goti pale konani.

"Shikamoo bibi."

Mama mkwe akagugumia marahaba yake iliyopinda. Nesi akamsemesha kwa Kimbulu, akamgeuza, akamkagua mgongo na visigino. Nilisimama nasubiri sifa zangu. Mgongo ulikuwa safi, hauna kidonda hata kimoja.

"Nani anamlisha?" akaniuliza.

"Mimi."

"Kwa kijiko?"

"Kwa kijiko, na kwa mkono. Hajawahi kulala njaa."

"Umefanya kazi kubwa, dada. Sasa acha."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza, kwa upole ambao uliniudhi kuliko kelele, kwamba yeye ametoka kozi, na kwamba mambo ya kutunza wazee yamebadilika. Mzee aliyepooza halazwi tena akasubiri siku yake. Anakalishwa. Anasimamishwa. Mkono uliokufa unafundishwa upya kama mtoto, na mwalimu wake ni ule mzima. Ukimfanyia kila kitu unamalizia kile ambacho kiharusi kilianza. Alisema maneno hayo hasa, mbele ya mgonjwa, mbele ya mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kofia. Mimi niliyetafuna nyama.

Siku hizi nikienda hospitali naona wazee wanainuliwa kitandani mapema, wanatembezwa koridoni wakilalamika, na hakuna anayeshangaa. Zamani zile mtu akikuona unamsimamisha mgonjwa wa kupooza alidhani umechoka naye na unataka aanguke. Majirani walisema nesi ana roho mbaya. Mimi sikuwakanya.

Alimkalisha mama mkwe kwenye kiti, miguu yote miwili chini. Akanionyesha kumvisha gauni kwa kuanza na mkono mgonjwa, na akanikataza kabisa kumnyanyua kwa kumvuta kwapani. Akapishanisha vidole vya mikono miwili, vya mzima na vya mgonjwa, akavipandisha pamoja mpaka usawa wa macho. Mume wangu akaagizwa kupigilia boriti ukutani, kimo cha kiuno, ili mama ajishikilie akitembea. Na kijiko kikanenepeshwa. Nesi alisema mkono ule hauwezi kukamata kitu chembamba, kwa hiyo kizungushiwe mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira wenyewe ulikuwa dhahabu, watu walikuwa wanaziba viraka juu ya viraka. Fundi baiskeli alinipa kipande cha urefu wa kiganja baada ya kumpelekea kibakuli cha samli, na samli hiyo ilitoka kwenye kibuyu changu, si kwenye cha mama.

Kilichoniua si mazoezi, ni Alhamisi zenyewe. Mama mkwe, ambaye kwangu alikuwa anafumba macho nikimwosha, siku ya Alhamisi alikuwa anayafumbua mapema. Anataka gauni la kanisani. Anataka kilemba kifungwe vizuri. Nesi akifika wanaanza Kimbulu chao, na yule mama aliyekuwa hawezi kutamka jina la mjukuu wake anacheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kukijua Kimbulu cha sokoni na cha kuchungia, lakini kile chao kilikuwa cha ndani, cha utani wa huko milimani, na kilipita juu ya kichwa changu. Nikimletea nesi uji ananiambia asante dada, wanaendelea. Na mama alikuwa anamwita nesi "binti yangu". Mimi aliniita "mama wa mtoto".

Watu walikuwa wanalilia petroli miaka ile. Mimi nilikuwa naomba isije. Nilisimama shambani Alhamisi asubuhi natega sikio upande wa barabara, na nikisikia kimya nafurahi moyoni kwamba nchi haina mafuta. Siku moja gari halikuja kweli. Nikaimba hadi mchana. Mara nikamwona yule msichana anakuja kwa miguu kutoka mjini, raba zake nyekundu kwa vumbi, amebeba koti lake kichwani kwa jua. Mama mkwe alimwona kupitia mlangoni akapiga paja kwa mkono wa kushoto. Nilikwenda kumpikia nesi chai ya rangi isiyo na sukari, na sikuitafuta hiyo sukari.

Ikaingia hasira ya kushindana. Nikajiambia, kama ni mkono, nitaufufua mimi. Nikawa namfanyisha mazoezi asubuhi, mchana na jioni, kuliko tulivyoagizwa. Nilimhesabia kwa Kimbulu kibovu na yeye akanisahihisha kwa kunung'unika. Tulipandisha mikono, tukashusha. Tulikamua kitambaa kilicholoa. Tulikwenda na boriti mpaka mwisho wa ukuta tukarudi, mimi nyuma yake, nimemshika kiunoni kwa khanga niliyoifunga kama mkanda. Vidole vikaanza kuitika. Kwanza kidole gumba, halafu vyote kidogo kidogo. Niliviona mimi wa kwanza. Lakini nesi alipokuja akasema, "Bibi, umejitahidi," na mama mkwe akamjibu kwamba ni wewe, binti yangu, ni wewe. Nilitoka nje nikamfukuza kuku ambaye hakuwa na kosa.

Na kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Mbele ya nesi mama mkwe alikuwa anakishika kile kijiko kinene, anachota, mkono unatetemeka, jasho linamtoka, uji unafika. Nesi anapiga makofi. Nesi akishaondoka, jioni namwekea chakula na kijiko chake, yeye ananitazama, anaupeleka mkono wa kulia chini ya khanga, anafungua kinywa. Nami nikamlisha, maana ningefanyaje, nimwache na njaa? Lakini nilikuwa nalisha kwa meno yaliyoumana. Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Yule anapewa jasho na bidii kwa sababu ni binti. Mimi napewa mdomo wazi kwa sababu ni kijakazi.

Mwishoni mwa kiangazi nesi alikuja siku isiyokuwa yake. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani. Aliongea kwa Kiswahili, nadhani ili wote tuelewe, akasema amechaguliwa kwenda hospitali kubwa ya mbali kusomea zaidi hayo mambo ya wazee na waliopooza, kwamba kesho anaondoka, na amekuja kuaga. Mimi nilisikitika kwa sura na nikashukuru kwa ndani. Mama mkwe akakishika kiti, akasimama mwenyewe, akaenda na boriti mpaka kitandani kwake, akageuka.

"Mama wa mtoto. Niletee samli."

Nesi yupo, mume wangu yupo, mkono umepona, na mimi ndiye ninayeitwa. Nikajua amesubiri siku yenye shahidi. Nikakitungua kibuyu, kilikuwa kimejaa kwa mikono yangu. Nikasema subiri kidogo, nikaenda uani nikanawa uso na shingo. Nikavua kitambaa cha kichwani ili paji liwe wazi. Nakumbuka maji yalikuwa ya baridi na sikujali.

Niliporudi nesi alikuwa amekalishwa kwenye kigoda.

Mama mkwe alichovya vidole vya mkono wa kulia kwenye kibuyu nilichokishika mimi. Vilikuwa vinatetemeka, lakini vilikwenda. Akampaka paji la uso. Akampaka shingoni. Akakishika kiganja kimoja akakipaka, akakishika cha pili. Akasema yale maneno ya harusi ya wifi, safari hii yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo, na nesi akalia kama wifi alivyolia. Mimi nilisimama na uso wangu niliounawa, nimeshika kibuyu kama nilivyoshika ile trei. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule msichana saa ile, na alikuwa hajanifanyia lolote ila wema. Alinikumbatia akiondoka. Samli yake ikanigusa shavuni, nikaifuta kwa ukingo wa khanga.

Nilichambua mahindi, nikatwanga, nikapika makande. Jua lilipokaribia kuzama nikamwekea mama mkwe bakuli lake kwenye kiti, na kijiko chake chenye mpira pembeni. Akanitazama. Akaupeleka mkono wa kulia chini ya khanga, akafungua kinywa.

Nikakataa.

"Mama, mkono unao," nikasema. "Leo nimeuona. Watu wote wameuona."

Akafunga kinywa. Mume wangu alikuwa mlangoni anapachika mpini wa jembe, akaacha kugonga. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza na sikuweza kurudi. Nikamwambia kwamba nimemwosha, nimemgeuza, nimemfulia kwa majivu, vidole vile nimevikanda mimi asubuhi na jioni mpaka vikaamka. Nikamwambia kwamba wifi yeye alimpaka, sawa, ni binti wa kumzaa. Huyu mtoto wa watu aliyekuja juzi na viatu vya raba naye amempaka. Nikamuuliza mimi nina kosa gani. Nikamwambia kama kwake mimi ni mtumishi tu, aseme, nijue.

Alitafuna hewa kwanza, kama wanavyofanya wazee wakipanga maneno. Alipojibu alijibu kwa Kiswahili, ambacho alikuwa anakitumia pale tu alipotaka asieleweke vibaya.

"Samli tunampaka anayekwenda," akasema. "Ili huko anakokwenda, wampokee. Binti yangu alikwenda. Huyu naye kesho anakwenda."

Akapumzika. Maneno mengi yalikuwa yanamchosha.

"Wewe nikupake," akasema, "uende wapi?"

"Hukujua?" mume wangu akauliza kutoka mlangoni, na nadhani alishangaa kweli. Nikamwambia agonge jembe lake.

Mama mkwe alikuwa bado ananitazama. Makande yalikuwa yanapoa. Akausogeza mkono wake wa kulia, ule uliopona, chini zaidi ndani ya khanga, akauficha mpaka kiwiko kama mtoto aliye kwa mama yake, na akafungua kinywa tena. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake. Nikachukua kile kijiko kinene, nikachota.